Fundi Aliyesema "Sioni"

Ndugu, jamaa na waumini wenzetu, haya ni maisha ya kaka yangu kwa kadiri tulivyoyajua sisi wa nyumbani. Kamati ya mazishi iliniomba mambo mawili: wasifu usizidi kurasa chache, na usiwe na neno la kumvunjia marehemu heshima. La kurasa nimejitahidi. La pili limenishinda, kwa sababu marehemu mwenyewe aliniagiza, mkewe akisikia, kwamba nikiruka habari ya macho yake basi nitakuwa nimemzika mtu mwingine.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 6 Februari 1951, katika nyumba namba 17 ya wafanyakazi wa reli, nyuma ya ghala la mizigo. Alikuwa wa pili kati ya watoto watano na mvulana wa pekee, nasi dada zake wanne hatukumwacha asahau hilo. Baba yetu alikuwa mshika bendera kituoni. Bendera ya kijani, treni ipite; nyekundu, isimame. Mama yetu alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la sebuleni. Marehemu alibatizwa siku ya Pasaka ya mwaka huohuo, na inasemekana alilia ibada nzima.

Alipofikisha miaka sita hivi, baba alimruhusu kumbebea bendera kutoka nyumbani hadi kituoni. Alizibeba zimekunjwa kwapani, na kila walipofika alimwuliza baba ashike ipi kwa mkono upi. Baba aliwasimulia wenzake kwamba mwanawe ana adabu, hafanyi jambo bila kuuliza mkubwa. Sisi pia tuliamini ni adabu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha sekondari hadi 1969. Katika hesabu hakuwa na mpinzani. Katika kuchora alipigwa viboko vitatu kwa kupaka majani ya mti rangi nyekundu, mwalimu akidhani anamfanyia mzaha. Nyumbani alituambia kwamba kweli alikuwa anatania. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza juu ya jambo hili, na alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Januari 1970 alifanya mtihani wa kuingia kazi ya reli, akawa wa kwanza kwenye karatasi. Kilichobaki kilikuwa daktari. Daktari alimfungulia ukurasa uliojaa vidoa vya rangi, akamwambia ndani ya vidoa kuna namba, asome. Yeye aliona vidoa tu. Akafunguliwa ukurasa mwingine, na mwingine tena. Daktari akamweleza kwa upole kwamba hatofautishi nyekundu na kijani, kwamba hali hiyo si ugonjwa na haina dawa, na kwamba reli haiwezi kumpokea. Marehemu alirudi nyumbani kwa miguu. Baba alikuwa mlangoni akimsubiri, amevaa koti lake la kazini ingawa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Marehemu akamwambia, "Baba, nimebadili mawazo. Kazi ya reli siitaki."

Baba alivua koti akaenda kumwagilia mboga. Alifariki mwaka 1988 bila kulitaja tena jambo lile, nasi nyumbani tulijua tu kwamba kuna kitu kati ya baba na mwanawe ambacho hakiguswi.

Mwaka huohuo wa 1970 alijiunga na chuo cha ufundi. Idara iliyokuwa na nafasi ilikuwa ya umeme, na hapo hapakuwa na daktari wa kupima macho. Wenye busara wataguna, na wana haki. Mtu asiyeona nyekundu na kijani alikwenda kujifunza kazi ambayo waya mwekundu unabeba umeme na wa kijani unakwenda ardhini. Alihitimu mwaka 1972, akafanya kazi miaka minane katika kiwanda cha sabuni, na mwaka 1981 akafungua karakana yake mwenyewe kando ya soko, chumba kimoja chenye mlango wa bluu. Bluu aliiona vizuri.

Alisifika kwa uangalifu. Hakugusa waya kabla ya kuujaribu kwa testa, ile bisibisi yenye taa ndogo inayowaka ikigusa umeme, na testa hiyo haikubanduka kwenye mfuko wa shati lake, hata Jumapili ndani ya suti. Ndiyo sababu mtaa mzima ulimwita Testa. Wateja walisema fundi huyu kazi yake ni polepole lakini nyumba yako haiungui. Kila sifa ilimwingia kama mwiba, alikuja kuniambia baadaye, kwa sababu walichokiita uangalifu kilikuwa hofu.

Alifunga ndoa takatifu tarehe 18 Desemba 1976, siku ya Jumamosi. Ndoa hiyo nusura isiwepo. Mwaka mmoja kabla, akiwa bado anamchumbia wifi yangu, alimwambia kwamba gauni jekundu alilovaa Jumapili lilimpendeza sana. Wifi yangu Jumapili ile alivaa kijani. Alichotaka kujua ni nani huyo mwenye gauni jekundu, na kwa majuma mawili hakumfungulia mlango. Juma la tatu marehemu alisimama barazani akamweleza kila kitu kupitia dirishani, mtu wa kwanza kuambiwa hapa duniani. Wifi yangu amenipa ruhusa niseme kwa nini alimkubali. "Wote waliokuja kuniposa walinieleza wanachoweza," alisema. "Huyu alinieleza asichoweza. Nikaona huyu ndiye mwanamume." Lakini marehemu alimwapisha asimwambie mtu, naye akaitunza siri hiyo miaka kumi na minane.

Tena alimsaidia mumewe kuificha. Kila rola ya waya iliyonunuliwa ilipita nyumbani kwanza, na wifi yangu aliifunga uzi: uzi mmoja kwa nyekundu, nyuzi mbili kwa kijani. Wateja walidhani ni alama za dukani. Mungu awabariki, hao wawili walijenga maisha, wakasomesha watoto watatu, juu ya nyuzi za kushonea.

Kanisani alichaguliwa kuwa mzee mwaka 1985, na mwaka 1990 akawa mwenyekiti wa wazee. Alikuwa mwombaji hodari. Sala zake zilikuwa ndefu na za sauti, na mtu akipata shida ilikuwa kawaida kusikia, "Mwiteni Testa." Jukumu lake jingine lilikuwa kutandika kitambaa cha madhabahu kwa rangi ya majira ya kanisa. Vitambaa vilipangwa kabatini kwa mpangilio aliokariri. Siku moja mama mmoja akavifua na kuvirudisha kwa mpangilio wake, na Jumapili ya kawaida, ya kijani, tukaingia ibadani tukakuta madhabahu nyekundu, rangi ya Roho na ya mashahidi. Hakuna aliyesema ni kosa. Mchungaji alifikiri mwenyekiti wake amesukumwa na Roho, akaliacha somo aliloandaa, akahubiri dakika hamsini juu ya damu ya mashahidi. Watu walilia. Marehemu alisifiwa mlangoni kwa ujasiri wake, naye hakuelewa wanazungumzia nini mpaka mkewe alipomwambia njiani.

Nimeileta habari hiyo ili muone jinsi mambo yalivyokuwa kwetu. Tulikuwa waumini wepesi wa kumtungia mtu sababu ya kiroho, na yeye alikuwa mtu anayeogopa aibu.

Oktoba 1993 tulikuwa tunamalizia ukumbi wa kanisa. Muumini mmoja alijitolea nyaya zote, nazo zikaletwa moja kwa moja ukumbini kwa gari, bila kupita nyumbani kwa marehemu na bila uzi wowote. Umeme ulikuwa haujaunganishwa bado, kwa hiyo testa haikuwa na la kumwambia. Alitumia mwanga wa jua: alipeleka ncha za waya dirishani, na ile ambayo rangi yake ilionekana nzito kidogo akaihesabu nyekundu. Jikoni dirisha lilikuwa dogo na siku ile kulikuwa na mawingu. Ijumaa umeme ulipovutwa kutoka jengo la kanisa alijaribu soketi kumi na moja kwa testa. Kabla ya kufika ya kumi na mbili aliitwa kurekebisha vipaza sauti, na hakurudi.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 9 Oktoba, mama anayesimamia jiko la kanisa, ambaye sote tunamwita Mama Jikoni, alichomeka birika kubwa la bati kwenye soketi hiyo ya kumi na mbili. Sakafu ilikuwa na maji. Umeme ulimshika mkono wa kulia ukamtupa hadi mlangoni. Wakati anapelekwa hospitali, marehemu alijifungia jikoni, akafungua soketi, akagusa kwa testa. Ikawaka pale isipopaswa kuwaka, kwenye waya wa ardhini. Alibadilisha waya, akafunga soketi, akatoka. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

Jumapili uzinduzi uliahirishwa. Mchungaji alitangaza kwamba adui ameinua mkono wake juu ya nyumba ya Mungu, na kwamba kanisa litafunga na kuomba siku tatu kumkemea. Wa kuongoza maombi hayo alikuwa, bila shaka, mwenyekiti wa wazee. Na aliyaongoza. Jumatatu alimkemea adui saa nzima. Jumanne akamkemea tena hadi sauti ikakwaruza, na nilikuwepo, nikaona fahari kwamba huyu ni kaka yangu. Mkewe alikaa mstari wa nyuma akiangalia sakafu. Alikuwa ameshajua bila kuambiwa.

Jumatano, tarehe 13, saa tisa mchana, Mama Jikoni alitoka hospitali akaja moja kwa moja kanisani, mkono umefungwa bendeji hadi kiwikoni, akakaa mbele. Naye alikuwa amefunga siku zote tatu kitandani, na wauguzi walikuwa wamemgombeza. Marehemu alisimama, akaanza kama kawaida, "Ewe adui," kisha akakwama. Mtoto mmoja alianza kucheka. Halafu akafumbua macho na kusema kwa sauti ya kawaida, ile ya nyumbani:

"Ndugu zangu, hakuna adui hapa. Ni mimi. Niliunga waya vibaya kwa sababu sioni nyekundu na kijani. Sijawahi kuziona."

Mzee mmoja nyuma aliitikia "Amina" kwa mazoea.

Mama Jikoni alimwangalia. "Kwa hiyo mimi nimefunga siku tatu, na mkono huu, kwa ajili ya macho yako?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nitajaribu," alisema. "Lakini kwanza nileteeni chai."

Watu walicheka, na wengine walilia, na mkutano ukaishia hapo. Nisingependa mtu aondoke akidhani lilikwisha kwa kicheko. Vidole viwili vya Mama Jikoni havikunyooka tena. Kusamehe kwenyewe kulimchukua hadi mwaka uliofuata, na husema wazi kwamba zipo siku alizoghairi. Marehemu alijiuzulu uzee wa kanisa siku ileile. Aliandika barua ofisi ya leseni, akajieleza bila kupunguza neno, na leseni yake ikasimamishwa. Mimi nilimkasirikia. Nilikuwa mwalimu, mtaa ulinijua, na niliulizwa sokoni kama na mimi sioni. Nilimwambia angeweza kukiri kwa mchungaji ofisini na mambo yakaisha kimya. Akanijibu kwamba miaka yote alikuwa akimwambia Mungu habari za watu wengine, na siku ile kwa mara ya kwanza alimwambia habari zake, na alipomaliza alikuta bado amesimama.

Sikumwelewa. Niliendelea kununa hadi Krismasi.

Jambo moja halikuwa na dawa. Juma lile lile alikwenda kwa mama yetu kumweleza ya daktari wa reli. Mama aliacha kushona. "Baba yako alidhani unaionea haya bendera yake," alisema. "Amekufa akidhani hivyo." Marehemu aliweka kichwa juu ya meza ya cherehani akalia, akiwa na miaka arobaini na miwili. Mama alimwacha alie, kisha akamwambia yeye pia anamwomba radhi, kwa sababu aliiona ile michoro na majani mekundu, na hakuwahi kumwuliza.

Aliporuhusiwa kufanya kazi tena, sharti lilikuwa awe chini ya fundi mwingine. Alikwenda ng'ambo ya barabara kwa mshindani wake, yule tunayemwita Waya kwa wembamba wake, akamwomba kazi. Waya alimwambia, "Miaka yote hii nilikuwa nasema huyu bwana anajifanya mwangalifu ili anichukulie wateja." Walifanya kazi pamoja hadi mwaka 2012. Marehemu alipiga hesabu na kuchora njia za waya, Waya akasoma rangi. Ilikuwa ni kawaida kuwasikia juu ya dari ya mtu, "Hii?" "Kijani." "Na hii?" "Hiyo ni kamba ya nguo, mzee."

Wawili hao walirudi katika kila nyumba ambayo marehemu aliwahi kuiwekea umeme, nyumba arobaini na tatu. Mlangoni alisema maneno yaleyale: kwamba haoni rangi mbili, kwamba alificha jambo hilo, na kwamba amekuja kukagua. Walikuta kasoro katika nyumba tatu, wakazirekebisha. Mwenye nyumba mmoja alimfukuza kwa matusi, marehemu akarudi kesho yake, akafukuzwa, siku ya tatu akaruhusiwa. Waya, ambaye hadi leo si mtu wa kanisani, ameniambia hajawahi kuona mtu anapata nguvu kwa namna hiyo. Mlango wa kwanza ilibidi Waya ndiye abishe. Kufikia wa kumi alikuwa anabisha hodi kama anayeleta barua.

Na ndipo watu walipoanza kumwendea. Zamani walimwendea awaombee. Sasa walimwendea kumwambia wasichoweza. Mama mmoja hakuweza kumpenda mtoto wake wa mwisho. Mwanakwaya mmoja hakujua kusoma, alikariri nyimbo zote kwa sikio. Mchungaji wetu wa wakati ule, aliyetutangazia adui, alikuja karakanani akakaa juu ya kasha la soketi na kusema kwamba kila Jumapili kabla ya kupanda mimbarani hutapika kwa hofu. Hilo ninalisema kwa idhini yake. Yupo hapa leo. Marehemu hakuwa na mafundisho marefu. Aliwaambia wamweleze Mungu hivyohivyo, bila kupamba, halafu wamweleze mtu mmoja. Sala zake zilikuwa fupi kiasi kwamba wapishi walilalamika maji hayajachemka.

Mwaka 1996 jina lake lilirudishwa kwenye uchaguzi wa wazee. Aliyelipendekeza alikuwa Mama Jikoni. Alisema anampendekeza huyu kwa sababu ndiye mgombea pekee ambaye yeye, Mama Jikoni, anajua kosa lake. Alipita, na alitumika hadi 2015. Kitambaa cha madhabahu hakukitandika tena.

Februari 2023 aligundulika na saratani ya tezi dume, tayari ikiwa mifupani. Alitibiwa mwaka mmoja na zaidi, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne kwa uvumilivu wao. Maumivu yalikuwa makali na hakuyaficha. Wageni walipomwambia ajikaze, alijibu kwamba alijikaza miaka arobaini na miwili na haikumsaidia kitu. Siku nyingine aliogopa kufa, akasema anaogopa, akaomba mkewe asitoke chumbani.

Jumapili, tarehe 9 Juni, baada ya ibada, wazee walikuja nyumbani kumtembelea. Mwishoni, kwa mazoea, mmoja wao akamwomba afunge kwa sala. Marehemu alifumba macho. Akayafumbua, akasema, "Siwezi. Sina hata neno moja." Wazee waliangaliana, na mmoja akaanza kumtia moyo kwamba anaweza, ni yeye huyu Testa. Mama Jikoni, aliyekuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, alimkatiza.

"Mwacheni," alisema. "Nani kamwambia aweze? Lala, baba. Leo zamu yetu."

Tukaomba sisi. Tuliomba vibaya, mmoja akirudia ya mwenzake, na mimi nilisahau hata nilichotaka kuomba nikabaki kumshika mguu. Tulipomaliza tulimsikia akisema "Amina," kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. Hakusema tena neno la kusikika. Alifariki Jumatano, tarehe 12 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake, mkewe akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka 73.

Marehemu ameacha mjane. Watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume. Dada watatu tuliobaki, mimi nikiwa kitinda mimba. Mwenzake wa kazi, ambaye familia inamhesabu ndugu. Na wajukuu saba. Mmoja wa wajukuu hao, mwana wa binti yake wa kwanza, amerithi macho ya babu yake. Siku yake ya kwanza shuleni aliinua mkono akamwambia mwalimu, kabla ya kuulizwa.

Nimesoma yote aliyoniagiza. Kaka yangu hakuona nyekundu wala kijani, aliogopa aibu nusu ya maisha yake, na mwishoni hakuweza hata kuomba. Tunamkabidhi kwa Mungu hivyohivyo, bila kumpamba. Alale kwa amani, sasa hana la kuficha.